Tumbo Nililolipigia Muhuri

Acha niseme mapema, kabla hujaanza kunipenda: nilikosea. Na sikukosea kwa siri kama watu wa maana. Nilikosea mchana, kisu mkononi, mbele ya wanaume saba, na wote wakacheka, na aliyecheka kuwashinda wote ni mimi.

Jina langu ni Riungu. Niko na diploma ya ukaguzi wa nyama, na miaka ishirini na sita nimekagua kwa kichinjio cha hapa Ruiri na vingine viwili vya karibu. Ukinunua nyama upande huu wa Buuri na uone muhuri wa wino wa zambarau kwa paja, huo ni mkono wangu. Umekula, umelala, umeamka mzima, na hujawahi kuja kunishukuru. Ni sawa.

Watu huniita daktari. Miaka ya kwanza nilikuwa nakataa. Namwambia mtu, mimi si daktari, mimi ni mkaguzi wa nyama. Ananijibu, "Sawa, daktari," halafu anafunua mgongo wa mtoto nione vipele. Mwishowe nikaacha kukataa. Ni jina tamu, na huja pamoja na kiti na chai.

Dada yangu anayenifuata anaitwa Kendi. Aliolewa Embu, lakini si Embu ya majani chai, ni kule chini Mbeere, karibu na Kiritiri, mahali jua linawaka kama lina kesi na wewe. Bwanake anaitwa Kivuti. Analima ndengu na muguka, ile miraa ya majani, anafuga mbuzi, na maneno yake ni machache. Tulikuwa tunapatana sana kwa sababu tulikuwa tunatoshana: mimi naongea, yeye anacheka kwa pua.

Sasa, kwetu mahari haiishi. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, watoto wamekua, na bado Kivuti akija kusalimia mama yetu lazima aje na mbuzi ndume. Na kwa sababu mimi ndiye huyu niliye, hakuna mbuzi anaingia sufuria kwa boma letu kabla sijamfungua matumbo mbele ya watu na kusema, "Imepita!" Tulianza kama mchezo, sasa imekuwa kama sala ya chakula. Wazee hawakai chini mpaka niseme.

Mwaka juzi, tarehe mbili Januari, Kivuti na Kendi walikuja. Niliwapokea Makutano, pale Meru, na pickup ya jirani yangu Stephen, mwenye bucha. Mbuzi akapanda nyuma bila kulazimishwa, maskini, kama anaenda harusi. Mimi macho yangu hayatulii, ni ugonjwa wa kazi. Nikaona Kivuti anagusa mfuko wa ndani wa koti. Tukifika Ruiri alikuwa ameugusa mara tano. Mtu akigusa mfuko hivyo, ama ana barua ya mapenzi ama ana ugonjwa. Na Kivuti hakuwa mtu wa barua.

Kendi alipoingia jikoni na mama, Kivuti alinivuta mpaka kwa ua, nyuma ya tangi la maji.

"Shemeji," akasema, "kabla hujaanza na mbuzi, hebu anza na mimi."

Akatoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na ripoti ya hospitali moja ya Embu mjini na picha mbili za rangi. Nikaweka miwani. Tumbo la binadamu kwa ndani ni zuri, sikudanganyi, la rangi ya waridi kama ulimi wa ndama. Na kwa huo waridi kulikuwa kumeota vinyama: sita vidogo kama punje za wimbi, na kimoja kikubwa kama njugu, kimejikalia peke yake kama chifu.

"Wanaita polipu," Kivuti akasema. "Hivi vidogo daktari alisema nisivijali. Ati watu wengi wako navyo, na labda vimeletwa na hizi dawa za kuzima asidi, vile nimezimeza miaka nenda miaka rudi."

"Na hiki chifu?"

Hakucheka. "Hicho walinyofoa kipande wakapeleka maabara. Si saratani. Alirudia mara mbili, si saratani. Lakini akasema ni ile aina inaweza kugeuka ikiachwa. Nirudi tarehe kumi na nne Februari kitolewe chote. Halafu niwe nachunguliwa tena baada ya muda."

"Watakupasua?"

"Hapana. Wanateremsha tena ile kamera kwa koo, na waya." Akageuza uso upande wa tangi, mtu ambaye ameshika ndume wa kilo arobaini bila shida. "Riungu, ile kamera. Nililia kama mtoto. Mimi. Nesi akanifuta machozi."

Lazima ujue kwamba baba ya Kivuti alikufa na tumbo. Siku hizo hakukuwa na kamera, kulikuwa na mizizi ya kuchemsha na maombi, na mzee alikauka kwa kitanda mpaka wakambeba na mkono mmoja. Kivuti alikuwa kidato cha pili. Alimwona. Kwa hivyo alipokuwa amesimama hapo nyuma ya tangi, hakuwa ananiuliza ripoti inasema nini. Ripoti alikuwa ameisoma. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia asirudi.

Nikasoma. Kulikuwa na neno moja nalijua: adenoma. Chuoni tulifundishwa kwamba adenoma ni uvimbe usio wa saratani, na kwa mtihani nililipata hilo swali. Nikafurahi kama nimekutana na mtu tulisoma na yeye. Chini ya hilo neno kulikuwa na mistari mitatu: seli zimeanza kubadilika, kitolewe chote, arudi kuchunguzwa. Nilisoma hiyo mistari. Sitakudanganya ati sikuiona. Lakini niliisoma vile wewe husoma yale maandishi madogo kwa karatasi ya dawa. Macho yanapita, akili imebaki huko juu kwa lile neno inalijua.

"Daktari!" Stephen akaita kutoka nyuma ya nyumba. "Mbuzi ameshalala! Unangoja afufuke?"

Ningemwambia Kivuti, ngoja tule, jioni nitapigia huyo daktari wa Embu. Namba yake ilikuwa hapo hapo juu ya karatasi. Badala ya hiyo nikamshika bega nikamwambia, "Twende nikuonyeshe kitu."

Wanaume saba walikuwa wamezunguka mbuzi. Nikafungua matumbo, nikayatandaza kwa majani ya ndizi. Na kama kuna shetani wa mzaha, siku hiyo alikuwa zamu, kwa sababu utumbo wa huyo ndume ulikuwa na vinundu, vigumu vigumu, karibu kila shubiri. Mbuzi wa nyanda za chini akikosa dawa ya minyoo, hiyo ni kawaida.

"Wazee, sogeeni," nikasema. "Shemeji yangu ameenda Embu, wamemtia kamera, wakamwambia ako na hizi!"

Kivuti akanitazama. Hakuwa amemwambia mtu, hata Kendi alikuwa amemwambia tu ni vidonda vya tumbo. Na mimi nimemwanika mbele ya wazee kama kitenge sokoni.

"Ziko wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Si hizi? Mimi nimezikata tangu nikiwa na nywele. Na huyu ndume, nani amewahi kumsikia akilalamika? Kivuti, hebu sema ukweli. Amelala njaa siku moja? Si amewapanda mbuzi wote wa Kiritiri mpaka jana jioni?"

"Mpaka leo asubuhi," Kivuti akasema polepole, na watu wakavunjika mbavu.

"Basi hii unafanya hivi." Nikakata kinundu, nikamrushia mbwa. "Unaosha, unapika. Imepita!" Halafu, na hii ndiyo hunirudia hata nikiwa kanisani, nikampiga Kivuti kofi la tumbo na kiganja chenye damu. "Na hili pia limepita!"

Stephen alicheka mpaka akashika ukuta. Kivuti akatazama shati lake jeupe, vidole vyangu vitano hapo, na akacheka. Si kwa pua. Kwa mdomo wote, meno nje. Kwa miaka ishirini na tatu sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Nikajiambia, ona dawa ni hii, wale wa Embu wanajua nini.

Sasa sikia mahali inaniuma. Nilijua. Vinundu vya mbuzi ni kazi ya minyoo, na havina undugu na kile cha Kivuti, kama mimi nisivyo na undugu na gavana. Hata kwa huo mzaha wangu, kile kinundu kilikatwa. Hakuna mahali nilisema kiachwe. Lakini yeye alisikia kiachwe, na niliona kwa macho amesikia hivyo, na nikamwacha asikie, kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

Na kuna kitu nimefikiria baadaye, nikiwa kazini, kisu kwa tumbo la ng'ombe. Mimi huona tumbo la mnyama siku moja tu, na hiyo ni siku yake ya mwisho. Sijawahi kuona tumbo la ng'ombe huyo huyo mwaka wa pili. Nikiona uvimbe, nakata, natupa, napiga muhuri, mwingine aletwe. Kama ule uvimbe ungekuwa nini baada ya miaka miwili, mimi sijui na sikuwahi kuuliza. Kazi yangu haina mwaka wa pili. Na tumbo la mtu swali lake lote ni hilo hilo: mwaka ujao je?

Tarehe kumi na mbili Februari Kivuti akanipigia simu. Nilikuwa na gambuti miguuni, ng'ombe kumi na mmoja wananingoja.

"Shemeji, ndengu zimekauka shambani, zimeanza kupasuka. Na ile maneno ya Embu ni kesho kutwa. Unaonaje?"

Alikuwa ananiomba mara ya pili, unaona? Ile ya kwanza ningesema ni mzaha wa sherehe. Hii haikuwa na sherehe.

"Vuna ndengu," nikamwambia. "Ndengu ndizo zitapotea. Tumbo uko nalo, litaenda wapi?"

Akacheka kwa pua, akakata simu.

Agosti tukakutana Embu, kwa sherehe ya binti yao Wanjira kumaliza chuo. Kivuti alikuwa amevaa suti ileile alivaa tukizika baba yangu, lakini sasa suti ndiyo ilikuwa imemvaa. Kwa mshipi wake kulikuwa na tundu jipya, limetobolewa na msumari, pembeni halijanyooka. Akaletewa sahani ya nyama, akala viazi, akamsukumia mtu wa kando ile nyama. Ng'ombe akiingia kwangu akiwa hivyo, mifupa ya nyonga inaonekana, majani anayanusa tu, simpitishi kabla sijajua ni nini. Ningemtenga kando. Lakini huyu alikuwa shemeji, na kulikuwa na watu.

"Kivuti," nikasema kwa sauti, "kitambi umekipeleka wapi? Ama unatafuta bibi wa pili?"

"Huyu?" Kendi akasema. "Huyu hata wa kwanza amemshinda."

Tukacheka wote. Hivyo ndivyo ile siku ilienda.

Mwaka uliofuata, Septemba, Kendi akanipigia akilia. Kivuti alikuwa ametapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, akaanguka kwa mlango wa choo. Nilifika Embu mchana. Daktari alikuwa yule yule aliyeandika ripoti ya kwanza, mama mmoja wa makamo anaitwa Wambeti, sauti ya chini, viatu vya mpira. Alikuwa ameteremsha kamera tena. Alituita sisi watatu, Kendi kwa kiti, mimi nimesimama, Kivuti kwa kitanda na dripu mkononi.

Alieleza pole pole. Kile kikubwa kilikuwa kimegeuka. Kilikuwa kimeingia kwa ukuta wa tumbo, kimepita, na picha zinaonyesha kiko kwa ini. Kukata sasa hakutasaidia. Kuna dawa za kupunguza maumivu, kuna za kuongeza siku kidogo kama mwili utakubali.

Kendi akauliza, "Ilikuwa inaweza kutolewa?"

Daktari Wambeti hakuwa mtu wa kurusha mawe. "Wakati ule ilikuwa kazi ya saa moja hivi. Angerudi nyumbani siku hiyo hiyo, akunywe uji. Siwezi kukuapia kwamba haingerudi. Hizi vitu hazina kiapo. Lakini tungekuwa tunaiangalia." Akamgeukia Kivuti. "Mzee, nilikuandikia Februari. Kuna mtu alikwambia usije?"

Nilikuwa nimesimama pale kama hatua mbili kutoka kwa hicho kitanda. Nilikuwa na mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe.

"Hakuna mtu," Kivuti akasema. "Ni ndengu, daktari. Ndengu zilikuwa zimekauka."

Hakunitazama hata kidogo. Ndiyo nikajua amefikiria hilo jibu kitambo.

Kendi akamgeukia bwanake, na hilo jicho sitalisahau. "Ndengu?" akasema. "Kivuti, ndengu?"

Tangu hiyo siku, dada yangu alikasirika na hasira haikushuka tena. Na usimlaumu. Mtu akiambiwa bwanake anakufa kwa sababu ya magunia ya ndengu, hasira yake ataipeleka wapi? Akamrudisha nyumbani Kiritiri, akamwosha, akamlisha, akampa dawa kwa saa zake bila kukosa, na kila kijiko kilikuwa na neno juu yake. "Kunywa uji, mwenye ndengu." "Geuka nikuoshe, tajiri." Watoto wakisema mama, wacha, anawaambia, "Muulizeni baba yenu mlikuwa na bei gani kwa gunia."

Mimi nilikuwa naenda kila Jumamosi. Natoka Ruiri alfajiri, nafika kwao saa nne. Jumamosi ya tatu hivi, Kivuti bado akiweza kukaa, nilimbeba nikamweka nje kwa kivuli cha ghala. Kendi alikuwa ameenda kisimani.

"Nitamwambia," nikasema.

"Utamwambia nini?"

"Wewe unajua. Ya mbuzi. Ya simu."

Kivuti akafunga macho, jua lilikuwa linamchoma hata kivulini. "Riungu, mimi nasafiri. Wewe unabaki. Ukimwambia, atapoteza bwana na kaka kwa mwaka mmoja. Afadhali abaki na mmoja wa kumletea maneno."

"Lakini anakutukana, shemeji."

"Mimi nimezoea kugombezwa na huyo. Akinyamaza ndiyo nitaogopa." Akacheka kwa pua, ikamuuma, akashika ubavu. Baadaye akasema, "Na si wewe ulikataa nirudi Embu. Mimi ndiye nilikuwa natafuta mtu wa kunikatalia. Ningekukosa wewe ningemuuliza mbuzi."

Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Na nilivyo, nikaipita bila hata kugonga kichwa. Nikamwambia sawa. Nilikubali haraka sana. Mtu wa heshima angebishana angalau mara mbili.

Wiki zikaenda. Kivuti akaacha kukaa, akawa wa kulala. Mgongo ukaanza kuchubuka, nesi wa zahanati akasema ageuzwe kila saa mbili, chali, kulia, kushoto, na watu wawili, mmoja mabegani mmoja magotini, kwa sababu akivutwa na mtu mmoja ngozi inachanika. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya mabegani. Siku nyingine jirani alikuwa anakuja.

Jumamosi iliyopita nilifika, nikakuta Kendi anamlisha uji. Nikasimama kwa mlango. Nimesema macho yangu hayatulii. Kendi alikuwa anapeleka kijiko bila kuangalia. Uso wake ulikuwa kwa dirisha. Na Kivuti, mtu amebaki macho tu, alikuwa anamtazama yeye. Kijiko kinakuja, anafungua mdomo, hatazami kijiko, anatazama shavu la bibi yake, vile mtu hutazama barabara akingoja mgeni. Kendi hakugeuka hata mara moja. Bakuli likaisha, akampangusa mdomo, akatoka na kunipita hapo mlangoni.

"Baba Tabby," akanisalimia, hilo ndilo huniita tangu nizae. "Umekunywa chai?"

Nikamfuata jikoni. Akakaa kwa kigoda, akachukua ungo, akaanza kupeta ndengu. Ndiyo, ndengu. Huko chini hakuna kingine cha kupeta.

"Kendi, weka ungo chini."

"Sema tu, masikio hayana kazi."

Nikamwambia. Sikuweka mzaha hata kidogo, na ni vigumu, kila sentensi ilikuwa inatafuta mzaha wa kujifichia. Nikamwambia ya bahasha nyuma ya tangi, na vile karatasi ilisema kitolewe na niliisoma. Nikamwambia ya vinundu vya mbuzi na kofi la tumbo. Nikamwambia ya simu ya Februari, neno kwa neno, "vuna ndengu". Nikamwambia hata ya ule mshipi. Na kwamba Embu, mbele ya daktari, Kivuti alinificha, na nikakubali kufichwa.

Ungo ulisimama mahali fulani katikati. Ndengu zikaacha kulia.

"Siku ya mbuzi," akasema. "Ile mlicheka mpaka Stephen akashika ukuta?"

"Hiyo."

"Nilikuwa jikoni na mama. Nilisikia Kivuti akicheka. Nikamwambia mama, sikia huyo mtu, huwa hacheki hivyo kwetu." Akatazama mikono yake. "Nilifurahi, Riungu. Nilikushukuru kwa roho."

Hakuwa ameniita Riungu tangu tuwe watoto.

Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha, njia yote kutoka Chuka nilikuwa napanga majibu, na mengine nikasema hilo zuri, nitalitumia. Hakunitukana. Aliinuka, akaweka ungo juu ya pipa, akajipangusa vumbi kwa leso, akaenda kwa chumba cha Kivuti na kufunga mlango. Si kwa nguvu. Aliufunga vile mtu hufunga mlango kukiwa na mtoto amelala.

Nikabaki kwa korido. Ukuta wa mbao huko hausitiri kitu. Nikasikia kitanda, amekaa. Akasema jambo kwa Kimbeere, chini chini, lugha ambayo alijifunza kwa huyo mtu. Mimi sikuelewa yote, lakini jina la Kivuti lilikuwa ndani, na halikuwa na ndengu nyuma yake. Kivuti akajibu neno moja. Halafu nikasikia dada yangu analia, na sauti ya Kivuti inasema pole, pole, pole, kama ndiye mzima.

Nilikaa hapo kwa muda mrefu. Nusu yangu ilikuwa inashukuru. Nusu nyingine, ile yenye diploma, ilikuwa inahesabu miezi kutoka Februari hiyo mpaka sasa na kuona vile Kivuti angekuwa anakunywa uji kwa kikombe chake mwenyewe, nje, akilalamika mvua.

Saa ikapiga saa nane. Wakati wa kumgeuza. Nikasikia Kendi anashika shuka, kitanda kinalia, anavuta peke yake, anapumzika, anavuta tena. Kivuti akatoa ile sauti ambayo hutoa ngozi ikivutwa.

Nikagonga. Kitanda kikaacha kulia.

"Kendi," nikasema.

Nikaweka mkono kwa mlango. Haukuwa umefungwa na kufuli, ni komeo ndogo tu ya mbao, ningeisukuma na kidole. Sikuisukuma.

"Kendi, dada yangu, naomba uniruhusu niingie tumgeuze. Mimi nishike mabega tu. Sitaongea."